Pesa Si Shida? Niambie Kwanza Mama Yuko Ghorofa ya Ngapi

"Pesa si shida, wewe tuma nesi tu." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, na binti aliye ng'ambo, kama anayeagiza chipsi. Mama yake yuko mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, kiharusi upande wa kulia. Nafanya uuguzi wa nyumbani hapa Nairobi, na imani hii imenichosha: eti mfuko ukiwa mzito huduma itamfuata mzee popote, na mtaa ni mahali pa kulala tu.

Lile lingine, la kwamba wazee wote wako ushago, tulimalize haraka. Hawako. Nendeni Jericho, nendeni Korogocho. Kuna waliouza shamba zamani na kuna ambao hawakuwahi kuwa nalo.

Turudi kwa mama wa ghorofa ya sita na ngazi zake. Majengo mengi ya Pipeline hayana lifti. Mtaalamu wa viungo atapanda, hilo halina neno, ila mama hatashuka. Kliniki ya presha, picha ya kifua, hata kuota jua, vyote vinataka wanaume wanne na kiti cha plastiki, na mchana wanaume wako kazini. Kuna wahudumu wanaokataa zamu za huko, halafu watu wananieleza kwa uhakika kabisa kwamba wanaogopa wezi. Wezi gani? Wengi wa wahudumu hao wenyewe wanaishi Kayole na Umoja, mitaa ya upande huohuo wa jiji! Wanachokimbia ni shida ya maji. Mgonjwa asiyeweza kuzuia mkojo anataka kuoshwa na kubadilishiwa shuka mara kadhaa kwa siku. Siku ambayo mgao wa maji haujafika, mitungi inapanda kwa mgongo wa mtu. Basi mzee anaoshwa mara moja badala ya tatu, ngozi inashinda imelowa, na kidonda kinaanza pale juu ya makalio. Familia inauliza nesi alikuwa anafanya nini. Alikuwa kwenye ngazi.

Huyu mama nimemtafutia mhudumu anayeishi jengo la pili kutoka kwake. Anatoza chini yetu na sisi hatupati kitu hapo. Nesi atakuwa anaenda siku za maji.

Sasa Karen, mtaa wa matajiri. Nyumba ya chini, kisima uani, pesa ipo. Mlinzi getini ana orodha na jina langu halimo. Mwenye kuidhinisha yuko Texas, na saa nne zetu za asubuhi kule ni usiku wa manane. Mhudumu ameshushwa na matatu barabara kuu, bodaboda haziruhusiwi kuingia, akatembea. Mzee akianguka bafuni usiku, jirani yuko ng'ambo ya ua na ukuta, na pengine hajui hata jina lake. Mathare jirani anasikia mpaka kikohozi, na asubuhi ataleta uji bila kuombwa. Msinisikie nikisifu mabanda, tafadhali. Jirani huyo hajui kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, na katheta, mrija wa mkojo, hataigusa. Shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee, kwa mwezi, kwa aliyefikisha miaka 70 na kuandikishwa, zinaweza kuishia kwa ziara moja ya nesi wa kulipwa.

Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023 wanasaidia, tena sana. Wanapima presha na sukari, kila mmoja akipangiwa kaya kama 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kidonda chenye kina si kazi yao. Acheni kuwatuma.

Mkiniuliza mtaa ninaoupenda kikazi, ni Kaloleni. Nyumba za miaka ya 1940, za chini, nyua wazi, watu wamejuana tangu ujana. Majitaka ya huko ni hadithi nyingine.

Vitabu vyetu vinasema mgonjwa wa ngazi ahamishiwe nyumba ya chini. Nashauri hivyo mpaka leo, ila sina tena uhakika niliokuwa nao. Nimeona wazee wakihamishiwa mitaa ya Utawala au Ruai, pembezoni mwa jiji, kwa mtoto, mlango mpana, hakuna ngazi hata moja, na ndani ya wiki chache wanasukuma sahani. Ni kuhamishwa au ni ugonjwa? Unyogovu huwapata takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi, hata wasiohama, kwa hiyo siwezi kutenganisha. Daktari ninayefanya naye kazi anasema ni ugonjwa. Mimi huanza kwa kuuliza kama kuna rafiki wa zamani anayeweza kuja kumwona, na kama nauli yake italipwa. Familia nyingi zinazolipia godoro la hewa bila kusita hubishana na mimi kuhusu nauli hiyo.