Sola inataka mwanga, si joto

Jamani ile meseji ya kwamba paneli ya sola inakula joto, eti ukiilaza juu ya mabati yanayochoma ndo inatoa stima nyingi, bado inazunguka kwa magrupu ya hapa Mombasa na si kweli.

Kinachofanya kazi ni mwanga. Ndani mna vipande vya silikoni, mwanga ukivigonga elektroni, yaani chembe ndogo sana za umeme, zinang'oka zinaanza kutembea upande mmoja, na huo mwendo ndo stima yenyewe. Joto linapunguza: paneli nyingi zikipita nyuzi 25 hupoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu kwa kila nyuzi, na pale Likoni saa saba mchana juu ya bati, we fikiria. Soma karatasi ya maelezo ya paneli, ile namba ya nguvu inavyobadilika kwa kila nyuzi ya joto ina alama ya kutoa. Au chukua kalkuleta ya sola isiyo na betri, iweke chini ya taa ya dukani, inawaka na joto hakuna, ziba kidirisha chake kwa kidole, namba zinafifia.

Tunachanganya sababu jua letu laja na vyote viwili, na ile mitambo ya kupasha maji juu ya paa kweli yatumia joto. Kwa hivyo fundi akisema acheni nafasi upepo upite chini ya paneli, msikizeni, na hiyo meseji ikija tena msiifowadi.