Kabla ya ukoo wa baba, nauliza habari za wajomba

Nikiletewa mtoto wa kiume ambaye kajeraha kadogo kamemtoa damu usiku kucha, nauliza kwanza habari za kaka za mama yake. Baba hushangaa, kwani amekuja tayari kueleza ukoo wake. Kwa hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, ukoo huo kwa kawaida hauna la kutueleza.

Kromosomu ni nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya urithi. Mwanamke ana kromosomu X mbili. Mwanamume ana X moja na Y moja. Mtoto akipewa X na baba, anazaliwa wa kike. Akipewa Y, wa kiume. Kwa hiyo X ya mvulana hutoka kwa mama, ambaye kaka zake huweza kuwa na X yenye hitilafu ileile, na baba hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume ugonjwa uliomo kwenye X. Jeni za vigandisha damu namba 8 na 9, ambazo hitilafu zake huleta hemofilia, zimo humo, pamoja na ile ya misuli ambayo ikiharibika huleta ugonjwa wa Duchenne, wa kudhoofika misuli, na zile za kutofautisha rangi nyekundu na kijani. Ikiharibika moja, mwanamume hana nakala ya akiba.

Mwanamke anayo, ndiyo maana wengi hubeba hitilafu bila kuugua. Wengi, si wote. Mwaka 1961 mwanasayansi wa urithi Mary Lyon alieleza kwamba kila seli ya kiumbe wa kike huzima X moja, ovyo ovyo, tangu hatua za awali tumboni. Zikizimwa kwa wingi zile X zisizo na hitilafu, mbebaji wa hemofilia naye huweza kutokwa na hedhi nzito au damu nyingi akijifungua. Kumwambia “wewe unabeba tu” ni kumnyima matibabu.

Kwa mama mbebaji, kila mtoto wa kiume ana nusu ya uwezekano wa kuugua, na kila wa kike nusu ya kubeba. Hesabu huanza upya kila mimba: wana wawili wagonjwa hawamkingi wa tatu. Baba mgonjwa, mkewe akiwa si mbebaji, hupata wana wazima. Mabinti wote hubeba, na ugonjwa huweza kuibukia kwa wajukuu.

Tazama ukoo wa Malkia Victoria wa Uingereza. Mwanawe Leopold alikuwa na hemofilia, akafa 1884 baada ya kuanguka. Mpwa wake Friedrich, mtoto wa dada yake Alice, alikuwa nayo pia. Naye Friedrich alikuwa mjomba wa Alexei, mwana wa mfalme wa Urusi, aliyezaliwa 1904 na ugonjwa uleule.

Lakini miongoni mwa waliomtangulia Victoria katika ukoo hakuna mgonjwa anayejulikana. Jeni huweza kuharibika upya, na takriban theluthi moja ya wenye hemofilia kali hawana ndugu mwenye historia hiyo. Kwa hiyo nikiambiwa wajomba wote ni wazima, bado nampima mama. Akikutwa anabeba, naomba dada zake waje nao, ikiwezekana kabla hawajashika mimba.