Wembe wa kukunja wa zamani: usikimbilie grainda kabla hujajua haya

Wadau wa ndevu naona wembe wa kukunja umerudi kwa kasi, ule wembe mrefu unaolala ndani ya mpini wake, na wengi wanaagiza ile ya zamani ya Sheffield Uingereza au Solingen Ujerumani kwa sababu chuma chake ni kizuri na bei sio mbaya. Sasa ukishafika mkononi, ushauri unaanza kumiminika, kata hapa, saga pale, ng'arisha, badilisha mpini. Mi nasema hivi, wembe mwingi wa zamani unahitaji kusafishwa, kunolewa na kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi basi, umbo lake liache kama lilivyo, maana chuma ukishakiondoa hakirudi.

Dhana inayoharibu nyembe nyingi zaidi ni hii: "ncha ya mraba ni hatari, lazima uizungushe kwanza." Mtu anachukua faili anakula kona yote mpaka mbele inakuwa duara. Ukweli ni kwamba kinachokuchana sikio ni ule uchomo mdogo kabisa wa mwisho wa kona, sio umbo la wembe. Chukua jiwe laini la kunolea, gusisha ile kona tu mara mbili tatu taratibu, halafu ipitishe kwenye kucha, isipokwaruza umemaliza, na ukiuangalia kwa macho hutaona tofauti yoyote. Ile ncha ya mraba iliwekwa makusudi, inachora mstari wa masharubu na inafika chini ya pua mahali ambapo ncha ya duara inahangaika. Kama bado unaogopa nunua wenye ncha ya duara, ipo mingi tu, huyu wa watu muache.

"Lazima ung'ae kama kioo ndo uwe salama." Hapana. Ile rangi ya kijivu iliyokolea kwenye bapa ni ngozi ya chuma kilichozeeka, haina shida na uso wako. Adui ni kutu nyekundu inayoacha unga kwenye kidole. Hiyo weka mafuta ya cherehani iloweke, kisha msasa wa maji namba 1000 kwenda 2000 kwa mkono, ukitoka kwenye mgongo kuelekea kwenye makali na sio kutoka kwenye makali kurudi mgongoni, maana hapo utajikata. Vishimo vya kutu vilivyo katikati ya bapa havina neno, vinavyouma ni vile vilivyofika kwenye makali kabisa, kila ukinoa vinafunguka upya.

Na hapa ndo naomba mnisikilize kuhusu mashine. Grainda au gurudumu la kung'arishia linapandisha joto haraka sana, na makali ya wembe ni membamba hayana pa kulipeleka joto hilo, kwaiyo yanaungua wakati mgongo bado unashikika vizuri. Kuanzia kama nyuzi 200 hivi za sentigredi ugumu unaanza kushuka, ukiona rangi ya bluu umeshafika karibu 300 na hapo makali yamekuwa laini, utanoa asubuhi jioni yameanguka. Juu ya hilo gurudumu linafuta maandishi. Wembe ulioandikwa England au Germany mara nyingi ni wa baada ya 1891, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa ioneshe nchi ilipotoka, sasa ukifuta hilo neno umefuta historia ya wembe wako na thamani yake pia.

Kuna wanaosema wembe unanolewa kama kisu, unainua mgongo kidogo. Hiyo sio kweli kabisa. Mgongo wenyewe ndio unaoweka pembe ya makali, unaulaza wembe flati kwenye jiwe, mgongo na makali vyote vinagusa kwa pamoja. Chukua wembe wa upana wa 5/8 ya inchi, yaani kama milimita 16, wenye mgongo wa milimita 4.8, pembe yake inakuja nyuzi 17. Ukisaga mgongo milimita moja tu ili "upendeze", umeshuka 13 na kitu, makali yanakuwa dhaifu yanavunjika vipande. Ukikata milimita tatu za makali ili kuondoa pengo, yaani pale makali yalipomeguka, umepanda karibu 21, wembe unavuta ndevu badala ya kukata. Pengo dogo linaisha lenyewe kwenye jiwe namba 1000, paka makapeni kwenye makali, noa mara chache, angalia wino umebaki wapi na jiwe halijagusa wapi. Ufa ni habari nyingine, ufa hautibiki, wembe huo ni wa kuweka kabatini.

Mpini nao. Ukilegea sio lazima utoboe, gonga pini taratibu kwa nyundo ndogo juu ya chuma kigumu, unakaza. Mpini wa lazima kubadilishwa ni wa seluloidi, ile plastiki ya zamani, iliyoanza kuoza, unatoa hewa ya asidi inayokula chuma, dalili yake ni kutu inayojaa pale pale wembe unapolala na pini kuota kijani, na usiupashe moto maana seluloidi inawaka vibaya. Mpini wa pembe ya ndovu usiufanyie ujanja wowote kabla hujajua sheria. Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe hizo na mafundi visu wa Sheffield walizitumia sana, lakini tangu marufuku ya kimataifa ya 1989, mwaka ule ule Kenya ilichoma tani 12, kuuvusha wembe huo mpakani bila vibali ni kesi.

La mwisho, "loweka kwenye jiki utakuwa safi." Jiki inakula chuma cha kaboni, na kuchemsha kunapindisha mpini. Futa kwa spiriti, kausha, paka mafuta. Na hapo umesafisha wembe wako wewe mwenyewe tu. Saluni usiuingize, homa ya ini aina ya B inapita kwenye damu kidogo sana isiyoonekana hata kwa macho. Kwa wateja tumia ule wa kubadilisha kiwembe, kipya kwa kila mtu, na kifungue mbele yake akiona.