Kabla Hujahesabu Hatua za Kwenda Sokoni, Hesabu Miaka Iliyobaki Kwenye Hati

Malalamiko yanayofika mezani kwetu, ofisi ya ardhi hapa Jinja, siku hizi yanafanana. Mtu amechoshwa na foleni za magari za Kampala na nauli ya bodaboda inayopanda kila mawingu yakitanda. Amekuja huku kutafuta nyumba ambayo kazi, soko, msikiti na shule ya watoto vyote anavifikia kwa mguu. Ameipata na ameilipa. Ndipo anakuja kutuuliza amenunua nini.

Hamu yake tunaielewa. Mitaa ya katikati ya mji huu ilipimwa ikanyooka, na chini ya USMID, mradi wa miundombinu ya miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, barabara kadhaa zilijengwa upya pamoja na njia za waenda kwa miguu na taa. Tangu Jinja iwe jiji tarehe 1 Julai 2020, wanaoulizia nyumba za karibu na soko hawakauki mlangoni. Shida yetu ni kwamba mnunuzi anagonga kuta, anafungua bomba, anapanda mpaka juu kukagua bati. Ardhi iliyo chini ya nyumba haikagui.

Mwalimu mmoja alikuja na mkewe, wamebeba bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, mihuri mitatu ya wino wa zambarau, na nakala ya hati iliyofifia. Nyumba yao iko dakika kumi kutoka soko kuu. Nilimwomba asome herufi za juu kwenye hati. Akasoma: LRV. Hiyo ni lizi, ardhi uliyokodishwa kwa miaka maalum. Nikamwomba asome tarehe ya kuanza: 1978, kwa miaka 49. Alipiga hesabu kwa kidole juu ya meza, akarudia. Kisha mkewe akairudia pia. Walikuwa wamelipa bei ya kudumu kwa nyumba yenye kipande cha muda.

Sehemu kubwa ya ardhi ya mjini hapa ni ya lizi. Ukiona FRV, hiyo ni milki huru, isiyo na mwisho wa miaka. Ukiona LRV, uliza mambo manne: nani aliyetoa lizi, ilianza lini, imebaki miaka mingapi, na kodi ya ardhi ya kila mwaka imelipwa mpaka mwaka gani. Kwa kawaida lizi ya mjini hutolewa kwanza kwa miaka 5 yenye sharti la kujenga. Ukitimiza sharti, unaomba iongezwe mpaka 49 au zaidi. Muuzaji aliyekaa na miaka 5 bila kujenga hana cha kukuuzia ila matatizo yake. Na hata lizi nzuri haihamishwi kwa kupeana mikono: kinatakiwa kibali cha maandishi cha aliyeitoa, iwe Bodi ya Ardhi au Tume ya Ardhi ya Uganda. Fomu ya kuhamisha umiliki inayofika bila kibali hicho tunairudisha. Tunairudisha kila siku, na kila siku tunaambiwa tunataka kitu kidogo.

Kwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaonunua huku: asiye raia hupata lizi tu, isiyozidi miaka 99. Anayekuahidi milki huru kwa jina lako anakudanganya.

Majengo ya zamani ya ghorofa kwenye Main Street na Iganga Road yana swali lake la ziada. Mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa, mali zao ziliingia mikononi mwa serikali, na baadaye Bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka ndiyo ikazishika. Jinja ilikuwa nazo nyingi. Baadhi zilirudishwa kwa wenyewe, wakapewa cheti cha kurudishiwa mali; nyingine ziliuzwa; nyingine zina watu wawili kila mmoja akiwa na karatasi yake. Aliyeishi humo miaka thelathini akilipa kodi ya pango bado ni mpangaji. Kukaa muda mrefu si kumiliki, hata kama jirani zake wote wanamwita mwenye nyumba.

Sasa muhuri wa LC1, baraza la kijiji au mtaa. Nitalisema hili polepole kwa sababu tumelisema haraka kwa miaka mingi. Mwenyekiti wa LC1 anathibitisha kwamba anawajua watu na kwamba walikaa mbele yake wakakubaliana. Hawezi kukupa umiliki, maana hana daftari la ardhi. Mihuri mitatu haina nguvu mara tatu.

Wapo wanaovuka Nile kwenda Njeru kwa sababu bei ni nafuu na ng'ambo inaonekana kutokea hapa. Daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018 lina urefu wa mita 525. Ndani ya mita hizo unatoka Busoga na kuingia Buganda, na sheria ya udongo inabadilika chini ya miguu yako. Huko utakuta mailo, ardhi iliyogawiwa kwa Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, na juu yake mtu mwenye kibanja, yaani kipande anachokalia kwenye ardhi ya mwingine. Kibanja ni haki ya kweli: mkaaji halali anayelipa busuulu, kodi ya kila mwaka kwa mwenye ardhi, haondolewi ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu moja tu, kutolipa busuulu hiyo. Lakini kibanja si hati. Mwenye kibanja akitaka kuuza, lazima kwanza ampe nafasi ya kununua mwenye ardhi. Akiuza bila kufanya hivyo, marekebisho ya 2010 ya Sheria ya Ardhi yanasema faini isiyozidi pointi 96 za sarafu, au kifungo kisichozidi miaka minne, au vyote viwili. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo faini inafika shilingi 1,920,000. Juu ya hayo kibanja chenyewe kinaweza kupotea. Faini inamwangukia muuzaji. Anayebaki bila kibanja ni wewe. (Ukitafuta kifungu chenyewe, tumia toleo la sheria lililoanza kutumika 1 Julai 2024. Namba zimebadilika, na mawakili wenyewe bado wanachanganya.)

Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume anayeishi humo. Bila ridhaa, mauzo ni batili, hata kama hukujua. Utabaki kudai pesa zako. Kaa na wote wawili, uwasikie wote wawili.

Kuna jambo ambalo watu wa kutembea kwa mguu hasa hawaliulizi: njia. Ile njia ya mkato iliyokupendeza, inayopita nyuma ya mizigo (vyumba vya kupanga) na kukutoa sokoni kwa dakika tano, mara nyingi ni kiwanja cha mtu ambaye hajajenga. Siku akileta matofali, dakika tano zako zinakuwa ishirini na tano, na hakuna wa kumshitaki. Nenda kwa afisa mipango miji, omba kuona mchoro wa eneo uliopitishwa. Njia iliyochorwa ni njia. Iliyokanyagwa tu ni ukarimu wa jirani. Hapohapo utajua kama ukuta wa mbele wa nyumba umeingia kwenye hifadhi ya barabara. Na kama njia yako inakata kinamasi, simama. Waliobomolewa nyumba kwenye kinamasi cha Lubigi, Kampala, mwaka 2024 nao walikuwa na makubaliano.

Kuhusu fedha: ushuru wa stempu wa kuhamisha umiliki ni asilimia 1.5 ya thamani. Thamani hiyo anaikadiria mthamini wa serikali. Ukiandika kwenye makubaliano kwamba umenunua kwa milioni 40 ilhali mthamini anaona 100, utalipa milioni 1 na nusu, si laki 6. Tena siku mkifika mahakamani, karatasi uliyosaini mwenyewe itasema ulilipa 40, na hizo 60 nyingine utazithibitisha kwa nini?

Yule mwalimu hatukumfukuza. Mwenye lizi anaweza kuomba iongezwe kabla haijaisha, lakini hati ilikuwa bado kwa jina la muuzaji, na kodi ya ardhi haikuwa imelipwa kwa miaka kumi na moja. Tulimwandikia hatua kwa mpangilio: kodi kwanza, kisha kibali, kisha kuhamisha umiliki, kisha maombi ya kuongeza muda. Akauliza kama muuzaji atachangia hayo malimbikizo. Tukamwambia hilo angemuuliza kabla ya mihuri.

Ukija, njoo na namba ya volyumu na folio, au bloku na ploti, kama ilivyoandikwa kwenye hati, pamoja na kitambulisho chako cha taifa. Picha ya hati iliyopigwa kwa simu ya dalali, yenye kidole kilichofunika namba, haitusaidii kupekua chochote.