Kaboni, gundi ya mgunga na maji ya kunywa: maswali yenu

Daktari, shikamoo. Mwanangu anasoma chuo hapa Arusha. Anasema wanachanganya nanotyubu za kaboni na maji kwa gundi ya mgunga. Yananyweka?

Marahaba mama. Hayanyweki.

Nanotyubu ni mirija ya kaboni tupu. Unywele una unene wa nanomita 80,000 hivi; mirija hii huanzia nanomita 1. Haipatani na maji. Ukiimwaga kwenye glasi inashikana mabonge meusi, mengine yanaelea, mengine yanatuama. Kwa hiyo maabara huitingisha kwanza kwa mawimbi makali ya sauti, mabonge yaachiane. Hapo ndipo gundi inapofanya kazi: minyororo yake mirefu ya sukari inauzingira kila mrija, usirudi kushikana na mwingine. Maji yanabaki meusi kama wino.

Lakini gundi si ya asili?

Ya asili, na umeshaila: ndiyo E414 kwenye soda na pipi. Mrija uliofunikwa na gundi haujageuka kuwa chakula.

Hatari inayojulikana zaidi iko kwenye kuvuta hewa yenye unga wake. Mirija mirefu na migumu hukwama mapafuni, kama nyuzi za asbesto. Mwaka 2014 IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, liliweka aina moja, MWCNT-7, kundi la 2B: huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Kwa aina nyingine ushahidi haukutosha.

Kulowesha kunapunguza vumbi, ila mashine ya mawimbi hurusha matone madogo hewani. Mwambie kijana afunike chombo. Tone likidondoka mezani alifute kwa kitambaa kibichi kabla halijakauka, asifagie.

Akimaliza amwage kwenye sinki?

Asithubutu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichanganya nanotyubu na maji ya mto Suwannee, yenye rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza. Zilielea zaidi ya mwezi. Mto nao una gundi yake: mabaki ya majani hayo huzuia mirija isishikane.

Na maji hayo meusi yataondoa floraidi ya visimani inayotuharibia meno?

Hayo si chujio. Kuchemsha nako hakusaidii: maji yakipungua, floraidi inazidi kukolea. WHO inashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi kuzunguka Meru vimepita hapo. Mkaa wa mifupa, ukibadilishwa kwa wakati, unainasa vizuri. Na magadi ya kuivishia maharage punguzeni, hasa kwenye chakula cha watoto. Magadi mengi ya huku yana floraidi.