Muuaji wa mfululizo si "mtu wa Mirembe"

Likitokea tukio la kutisha hapa Dodoma, hukawii kusikia mtu akisema, "Huyo ni wa Mirembe," yaani wa hospitali yetu ya wagonjwa wa akili. Kauli hiyo inawaonea wagonjwa. Wengi wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo, hawajamdhuru yeyote, na wauaji wengi wa mfululizo hawana ugonjwa huo. Mgonjwa aliyechanganyikiwa akiua, mara nyingi humwua aliye karibu naye, bila mpango, na hajui kuficha. Muuaji wa mfululizo huua wawili au zaidi kwa nyakati tofauti, na katikati anarudi kazini na nyumbani kama kawaida. Dennis Rader wa Kansas, Marekani, aliua watu 10 kati ya 1974 na 1991; alipokamatwa mwaka 2005 alikuwa kiongozi wa baraza la kanisa lake.

Kinachopungua kwa wengi wao ni huruma na majuto, si akili. Hali hiyo huitwa saikopathi, na kipimo chake kinachotumika sana ni cha mwanasaikolojia Robert Hare wa Canada: vipengele 20, kila kimoja hupewa 0, 1 au 2, jumla 40, na Amerika Kaskazini anayefikisha 30 ndiye huhesabiwa kuwa nayo. Kosa kubwa ni kujaza alama kwa mahojiano peke yake. Mtu wa aina hii ana ulimi wa asali. Ukimsikiliza kabla ya kusoma jalada, atakuandikia ripoti yeye mwenyewe. Anza na maelezo ya polisi, shule, ndugu na majirani, kisha kaa naye. Hata hivyo alama za juu hazimfanyi mtu kuwa muuaji. Wengi wenye nazo hawajaua.

Kuhusu utoto, watu bado wanashikilia dalili tatu alizoziandika daktari wa akili J. M. Macdonald mwaka 1963: kukojoa kitandani, kuchoma moto na kutesa wanyama. Tafadhali, usimhukumu kikojozi. Ushahidi wa hizo tatu kwa pamoja ni dhaifu. Kutesa wanyama ndiko kunakostahili kuulizwa, tena kwa makini. Mtoto anayechunga mbuzi Bahi na kulenga ndege kwa manati anatafuta kitoweo pamoja na wenzake. Ninayemhofia ni yule anayejificha peke yake, anarudia, na anafurahia mnyama akiumia.

Kipigo na kutelekezwa huacha alama, ila si kwa kila mtoto kwa namna moja. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2002, uliona kwamba wavulana walioteswa na wenye jeni ya MAOA (inayosaidia kuvunja baadhi ya kemikali za ubongo) isiyofanya kazi kwa nguvu ndio walioelekea zaidi kwenye ukatili. Jeni bila mateso haikuleta balaa hilo. Ongeza jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuzuia kufuata kila tamaa, kisha miaka ya kujenga ndoto za kumtawala mwingine. Ndoto hizo huanza kichwani, zikaingia kwenye kunyemelea, na kila hatua isiyoadhibiwa humpa ujasiri wa inayofuata.

Mahakama ikiagiza uchunguzi wa akili ya mshtakiwa, daktari ana siku 42 za kupeleka ripoti. Zitumie wodini, hasa usiku, maana anayejifanya mgonjwa huchoka kuigiza akidhani haonwi. Huyo hupenda kusimulia maono ya ajabu, wakati skizofrenia huleta zaidi sauti kuliko picha. Mshtakiwa akidai amerogwa, usikimbilie kuandika ugonjwa: waulize ndugu zake. Imani ya kijiji kizima si dalili. Dalili ni pale hata hao wanaoamini uchawi wanaposhangaa anachosema. Na kama anaongea Kigogo, tafuta mkalimani asiye ndugu, kwani ndugu hulainisha majibu.

Sheria yetu inauliza kama ugonjwa wa akili ulimzuia kuelewa anachofanya, kujua kwamba hapaswi kukifanya, au kujizuia. Hilo la mwisho ndilo hupotosha wengi, kwa sababu karibu kila muuaji atakuambia alizidiwa. Mimi hutazama mwenendo kabla ya maneno. Aliahirisha aliposikia bodaboda inakaribia? Alimchagua asiye na wa kumtafuta? Alifua nguo kabla hakujakucha? Aliyeweza kungoja hadi njia iwe tupu alikuwa na breki, na ripoti iseme hivyo, tarehe kwa tarehe.