Mkaratusi Hautambuliwi kwa Gome Peke Yake

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mkaratusi ni mti wa gome laini, jeupe, linalobanduka kama karatasi. Ndivyo ilivyo kwa mingi, lakini Australia, asili ya karibu zote kati ya spishi zake zaidi ya 700, iko pia mikaratusi yenye gome jeusi, gumu kama chuma, lenye mifereji mirefu, na mingine yenye gome la nyuzinyuzi lisilobanduka. Gome hupunguza idadi ya spishi za kuchunguzwa, basi.

Wengine huokota majani ya sura mbili chini ya mti mmoja wakadhani ni ya miti miwili. Majani machanga ya Eucalyptus globulus, mkaratusi wa buluu unaopandwa pia nyanda za juu za Kenya, hayana vikonyo, hukabiliana mawili mawili kwenye kijiti cha pembe nne, na yana nta ya kijivu inayofutika kwa kidole. Yale ya mti mzima hupishana, huning'inia kwa vikonyo na hupinda kama mundu.

Ushahidi mzito uko kwenye tumba, ambalo kwa bahati mbaya wengi hulipita. Nyuzi nyeupe zinazodhaniwa kuwa petali ni stameni, viungo vya kiume vya ua; petali zenyewe zimeungana kuwa kifuniko kinachodondoka ua linapochanua, na ndicho kilicholeta jina la jenasi (kundi la spishi zenye undugu), Eucalyptus, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kufunikwa vyema. Tumba la globulus kwa kawaida hukaa peke yake, lina vinundu na unga wa nta, ilhali yale ya Eucalyptus camaldulensis, mkaratusi wa kingo za mito, hukaa 7 au zaidi katika kishada kimoja, kifuniko chake kikichongoka kama mdomo wa ndege. Tunda la camaldulensis, dogo kuliko punje ya njegere, hutokeza meno nje ya ukingo.

Harufu nayo hudanganya: mti unaonukia limau, uliohesabiwa zamani katika Eucalyptus, umehamishiwa jenasi ya Corymbia tangu 1995.

Tena si kila mkaratusi ni wa Australia, wala wa Australia yote. Eucalyptus deglupta, wenye gome la rangi nyingi, asili yake ni Ufilipino, Indonesia na Papua New Guinea, na globulus wenyewe, mwenyeji wa Tasmania na Victoria, ni mti wa kupandwa tu huko Australia Magharibi.